Damu Yenye Ilikuya na Muguu

—njia, Docteur! Haiko bugonjwa, iko njia! Njia ya Katuba, kwa jina ya Mungu!

Njo vile nilipiga kelele mercredi mu labo, yaya Cathy, gants mu mikono, kofia ya nywele imeanguka ku sikio, na nilikuwa naruka. Mi, na miaka yangu makumi mbili na ine, naruka! Docteur Simone alikuwa anaandika. Akashusha miwani, akaniangalia kama bantu banaangaliaka mbuzi yenye imeingia mu kanisa.

"Exaucée. Ikala. Pumua. Sema."

Sikuikala. Namna gani ningeikala? Ngoja nikuelezee, nakuandikia kipande kipande tangu asubui, na nakuandikia na furaha ile yenye ilikuwa siku ile, juu ilikuwa vile kweli. Mwisho yake sina haraka ya kufika kule.

Unajua kazi yetu. Haujue, kila mara nikikuambia unasema "ah, bitu yenu ya mikroskopi", unarudilia samaki zako za Kilwa. Sikia basi. Mu damu, kila seli ikiumizwa ao ikiogopa, inamwaga tusashi. Kama tule tusashi ya kufungia chumvi ku soko, mais tudogo, tudogo, jicho haiwezi kuona. Mu kila kasashi seli inafunga kipande yake na habari yake. Tusashi tunatembea mu damu, basoda ya mwili, askari zake, banatukamata, banafungula, banaona: ah, kule kuko vita! Banaanza kupiga. Mara ingine vita iko kweli. Mara ingine hakuna adui, banapiga mwenye nyumba tu. Kwa batoto ya SS, bale benye seli ya damu yao inajikunja kama mundu na kuziba mishipa, iko vile kila siku. Seli zinavunjika, tusashi tunamwangika, basoda habalale.

Docteur Simone alisomaka ile miaka nane ku Bulaya, akarudia hapa Lubumbashi, bantu bakasema ameharibika kichwa. Alirudia juu ya swali moja tu. Kama tusashi tunapanda siku mbili ao tatu mbele ya crise, ile maumivu kali ya gafula, mbele mutoto aanze kulia, tunaweza kutuhesabu na kuambia mama yake: beba mutoto ku lopitali leo, angali anacheka? Mutoto anacheka, numero inasema hapana. Unaona vile iko muzuri? Bengine banalalaka na picha ya fiancé. Mi nilikuwa nalala na ile wazo.

Tuko na batoto makumi tatu na kitu. Kila lundi, siku ya kwanza ya kazi, damu kidogo, kachupa kamoja. Bale ya mu ville banakuya ku labo. Bale ya Katuba, Dominique, infirmier wao, anabatosha damu kule kwake ku centre ya matibabu, alafu Fils anatuletea tuchupa na pikipiki. Fils unamukumbuka, ule wa miwani ya jua hata mvua ikinyesha. Kwake hakuna mashimo, kuko paka njia ya mukato.

Na kulikuwa Mama Michée.

Jina yake Chilufya, anauzisha makala pa kopo mbele ya lupango yake, Katuba. Michée alikuwa na miaka saba, macho manjano kidogo, na maneno mingi kupita mi. Mbele yake kulikuwa batoto babili. Bote babili SS, bote babili balikufwa mbele ya miaka tano. Michée njo mwenye alibakia. Siku ya kwanza, Dominique alipotosha damu na kutaka kuipatia Fils, mama yake alisimama pa mulango na kukatala.

"Damu ya mutoto yangu iende na muntu sijue kwao? Kwetu damu ya mutoto haitembeake peke yake."

Dominique alimufasiria mpaka akachoka, mwisho akamupatia kachupa. Akakafunga mu kona ya kikwembe, hapa ku kifua, akatembea. Na muguu, Cathy, kutoka Katuba mpaka mu ville! Mu bisi hataki, bantu banasukumana, kachupa katapasuka. Anatembea polepole kama muntu mwenye amebeba mayai. Kila lundi, karibu saa sita, namuona ku mulango ya labo, jasho mu uso, mukono ku kifua.

Mi nilikuwa namuchokoza.

"Mama Michée, unaogopa damu itakimbia?"

"Weye mwana, siku utazala, utaniambia kama utaacha kipande ya mutoto yako ipande pikipiki ya ule mulevi."

"Fils hanywake, Mama."

"Basi njo mubaya zaidi! Anaendesha vile na akili yake yote?"

Labo muzima ilikuwa inacheka. Na numero ya Michée ilikuwa muzuri kila lundi. Sita, saba, sita, nane, sita. Tulisema Mungu anamuchunga.

Bale bengine ya Katuba? Makumi tatu. Makumi ine. Batoto benye banacheza ballon! Docteur alikuwa amepanga kama numero ikipita makumi mbili, tunaita mama. Tukaita. Bamama bakabeba batoto ku lopitali, bakaikala siku mbili pa ubao, hakuna kitu, mutoto anaomba kurudia ku masomo. Docteur Casimir, mukubwa ya batoto kule ku lopitali, alipiga telefone yeye mwenyewe. Nilikuwa inje ya mulango na nilisikia kila neno.

"Simone, tusashi twako tunanijazia bitanda! Bagonjwa ya kweli banalala chini. Nitafutie crise, usinitumie bageni!"

Bamama nabo bakachoka. Mumoja alituambia: "Mara ingine muniite paka kama amekufwa." Docteur akaacha kuita. "Mpaka tujue," alisema. Alikonda, Cathy. Alikuwa anaikala mbele ya mashini kama mbele ya mutoto mwenye anakatala kusema kitu alikula.

Sasa lundi. Nilienda Katuba kusaidia Dominique, na kurudia nikapanda nyuma ya Fils, kisanduku ya tuchupa pa mapaja. Leza wangu! Ile njia ya nyuma ya soko, mvua imeikula yote. Kila shimo, tuchupa tunagonga kling kling kling, na meno yangu nayo. Tukapita Mama Michée, anatembea ku kando na mukono ku kifua. Nikamupungia. Akatikisa kichwa juu ya Fils.

"Fils, polepole!" nikamupigia kelele nyuma.

"Mama Labo, damu iko kama bière. Ukiitikisa kidogo inaamka."

Mama Labo njo vile ananiitaka, na aliisema ya kucheka. Mais kichwa yangu ikashikilia pale. Ukiitikisa inaamka. Seli ikiumizwa inamwaga tusashi. Sasa kama mashimo njo inaziumiza? Kama tusashi tunazaliwa hapa, pa mapaja yangu, na mutoto mwenyewe eko nyumbani anacheza?

Mardi numero zikatoka. Katuba yote juu, kama siku zote. Niliona na ya Michée: makumi ine na moja. Niliiona, Cathy. Nilicheka, nikasema mu roho, hata weye njia imekukamata. Sikufikiri zaidi ya pale. Nilikuwa nawaza paka kitu nitafanya kesho yake.

Mercredi asubui nikajitosha damu, tuchupa tubili. Kamoja nikakaacha pa meza. Kengine nikapatia Fils.

"Enda Katuba, gusa ukuta ya centre, rudia."

"Nilete nini?"

"Usilete kitu."

"Ntatembeza damu yako kama bibi harusi?"

"Kama bibi harusi."

"Mama Labo, masomo imekuharibu."

Akaenda, akarudia, vumbi mpaka mu masikio. Nikapitisha zote mbili mu mashini. Ya pa meza, tano. Ya Fils, makumi tatu na nane. Damu moja! Mukono moja! Na mi muzima kama jiwe! Njo pale niliruka.

Docteur akakuya, akaangalia, akasema turudilie. Fils akatumwa tena, ananung'unika. Ikatoka vilevile. Docteur akanikumbatia, yeye mwenye kusalimia kwake iko paka ncha ya bidole, na nikasikia mwili yake inatetemeka. Nilifikiri iko furaha. Alafu akaikala, akavuta kaye kubwa yenye tunaandika numero zote, akapindula karatasi moja moja.

"Mwaka muzima," alisema. "Mwaka muzima nilikuwa napima mashimo."

Fils alikuwa angali pa mulango. Akasema, "Docteur, hata bakubwa ya mairie habakuyaka kuyapima." Docteur akacheka mpaka machozi. Siku ile tulikuwa na furaha, Cathy. Nakuambia juu ujue tulikuwa nayo.

Kisha akaniambia: "Futa yote yenye ilikuya na pikipiki. Leo. Sitaki kuona hata moja."

Nikakamata bic nyekundu na règle. Mu kaye kuko mustari ya kusema mutoto anaikala wapi: Ville, Katuba, Ville, Katuba. Kwenye kusema damu ilikuya namna gani, hakuna. Hatukuwekaka. Nani angefikiri? Basi nikashuka na karatasi: Katuba, futa. Katuba, futa. Nilikuwa naimba ile ya kwaya yetu, na kisha nikapika hata chai ya bote.

Jeudi, Mama Michée akakuya. Haikuwa siku ya damu. Alikuwa na Michée mwenyewe ku mugongo. Mutoto wa miaka saba, ku mugongo. Nilipaswa kuuliza. Michée, mwenye anasemaka kupita radio, alisema "bonjour tantine" tu, akarudisha shavu ku bega ya mama yake.

"Anasema kifua iko moto," mama yake akasema. "Jana hakukula. Nikasema niende kwanza kuuliza numero ya lundi, nisisumbue lopitali bure kama bale bengine. Ilikuwa ngapi, mwana?"

Docteur alikuwa ku réunion, ku université. Nilikuwa peke yangu, na ile furaha ingali inachemka, natafuta paka muntu wa kumumwangia. Nikamushika mukono.

"Mama Michée! Numero ya Katuba yote ilikuwa bongo, uongo mutupu! Tumefuta yote! Iko njia, haiko batoto!"

"Hata ya Michée?"

"Yote, Mama."

"Donc hakuna kitu."

"Ile numero haikuwa ya kweli, Mama."

Sikumuambia hakuna kitu. Nimerudilia maneno yangu mara mingi, na ile neno sikuisema. Mais sikumuambia kwamba kuko kitu. Sikumuambia "kifua iko moto, enda ku lopitali sasa, numero ao hakuna numero", kitu yenye hata muntu mwenye hakusoma angesema. Niliona uso yake inafunguka, kama wakati banakushusha muzigo ku kichwa. Akacheka. "Mungu akubariki, mwana." Akainama kufunga kikwembe muzuri, Michée akaguna kidogo, bakaenda. Nilibaangalia mu dirisha mpaka ku kona, na nilikuwa nawaza: sasa ule mama hatachoka tena bure.

Vendredi, saa ine ya asubui, Docteur alikuwa ku meza yangu na kaye. Alitaka kuandikia bale benzake ya Bulaya kama tulikosea, mbele bajionee. Alikuwa anashusha kidole polepole, namna yake.

"Exaucée, huyu wa Katuba. Juu ya nini mwaka muzima alikuwa sita?"

"Docteur?"

"Sita, saba, sita, nane. Kama njia njo inapandisha, yeye njia haikumugusa? Anaikala Katuba kama bengine."

Sitakudanganya: nilijua jibu mbele amalize.

"Damu yake haipandake pikipiki, Docteur. Mama yake anatembeaka nayo."

"Kila mara?"

"Kila mara."

"Hata lundi hii?"

Nilimuona na macho yangu. Nilimupungia mukono.

"Na muguu," nikasema.

Docteur aliangalia ile makumi ine na moja chini ya mustari yangu nyekundu. Mustari ilikuwa imenyooka, na règle. Mu kaye yote, kwa batoto ya Katuba, numero ya kweli zilikuwa paka za mutoto mumoja, na mi njo nilizifuta pamoja na bongo. Hakunitukana. Ingekuwa muzuri anitukane. Alikamata funguo ya voiture na kusema, "Mupigie mama yake."

Telefone ya Mama Michée ilikuwa imezimika. Tukapanda voiture. Ile njia, Cathy, bote babili tulikuwa tunaisikia mu mugongo, kila shimo.

Ku lupango tulikuta paka jirani, mama mumoja banamuita Mutale, anachagula maharagi.

"Bamemubeba asubui na mapema. Alikuwa anapumua kama mbwa mwenye amekimbia. Mama yake alikuwa anarudilia tu: ba labo balisema hakuna kitu, ba labo balisema hakuna kitu." Akaangalia blouse yangu nyeupe. "Njo munye ba labo?"

Docteur akamujibu: "Njo shiye."

Ku lopitali Michée alikuwa mu kitanda ya kona, mupira ya hewa ku pua, mbavu zinaingia na kutoka. Mapafu. Kwa batoto ya SS, crise ikishuka mu mapafu iko mubaya sana. Alinitambua. Akapandisha bidole mbili tu, kama vile bana-star banasalimia. Mama yake alikuwa anamufuta jasho, na aliponiona alisimama, akanipatia kiti. Alinipatia kiti, Cathy. Akaniambia: "Uliniambia hakuna kitu, mais bugonjwa iko na mayele. Imekudanganya hata weye."

Nilikamata kiti.

Docteur Casimir alivuta Docteur Simone ku kando. Siku ile hakukuwa mambo ya bageni na bitanda.

"Ilianza lini?"

"Kifua, mercredi ao jeudi. Mais numero ilipanda lundi. Tuliiona mardi."

"Ngapi?"

"Makumi ine na moja. Na yeye anaikalaka pa sita."

Kisha akasema, sauti chini: "Mardi ungenipatia mutoto mwenye anacheka, na siku tatu za kufanya kazi. Leo unanipatia hii." Akajipangusa uso. "Na mardi ungenipigia, pengine ningekuzomea. Sijue, Simone. Tumuongezee damu, tuone."

Muyomba wake, ndugu ya mama yake, alitosha damu. Mi nilijaribu, bakasema damu yangu haipatane na yake. Fils alikimbia ku pharmacie mara tatu, na mara hii hakuna mwenye alimuambia polepole.

Samedi, saa tano ya asubui, Michée alikufwa.

Sitakuandikia kelele ya mama yake. Nitakuandikia kitu moja. Alimukamata pale pa kitanda, akamuweka ku mugongo, akafunga kikwembe, muzuri, na fundo ku kifua, akaanza kutembea kwenda ku mulango. Anarudia naye Katuba. Bamama infirmières batatu bakamusimamisha, na alikuwa anababembeleza: "Muniache tu, njia nayijua, nayijua."

Mu voiture Docteur Simone aliweka kichwa pa volant. Alilia kama mutoto. Kisha, bila kupandisha kichwa, akasema: "Usiseme kitu kwanza. Unanisikia? Tukisema leo, bamama ya Katuba bote batatosha batoto yao. Na sasa njo tumejua inafanya kazi, Exaucée. Michée njo alituonesha. Tukibadilisha namna ya kuleta damu, pengine wa pili hatakufwa. Nipatie siku mbili niwaze namna ya kusema."

Simuchukii. Hesabu yake niliielewa. Nilisema ndiyo.

Leo iko dimanche, na ile ndiyo yangu haiwezi kusimama tena.

Niko ku kilio ya Michée, Cathy, kwao Katuba. Lupango imejaa, bamama chini pa mikeka, babaume pa biti ya plastique chini ya bâche ya kivuli. Mama Michée eko katikati, nywele hazikusukwa, haangalie muntu. Baba ya Michée alishaendaka zamani, habari yake hakuna, mais familia yake imefika kutoka Lukafu, na mukubwa yao njo baba mukubwa Kalenga. Alingoja bantu bajae. Kisha akasimama na kupiga mikono.

"Batoto batatu! Batatu, mu nyumba moja, na mama mumoja! Na huyu wa mwisho, munajua? Huyu mama alikuwa anatembea na damu yake mu kikwembe, mu ville yote, kila lundi, mwaka muzima. Damu ya mutoto wetu! Bamama bengine banapatia infirmier. Yeye, hapana. Alikuwa anaipeleka kwa nani? Mutuambie, dawa gani inapitaka mu kikwembe?"

Neno buchawi hakuisema, mais bote baliisikia. Nilingoja muntu aseme hapana. Bamama bengine, bale benye batoto yao iko mu kaye yetu, baliangalia chini. Mumoja alitikisa kichwa kama anakubali. Na Mama Michée? Atasema nini? Kwao damu ya mutoto haiendeke na mugeni, njo juu ya ile alitembea. Ile yenye alifanya kwa kumuchunga, njo yenye banamupigia nayo.

Kalenga amesema familia itaikala leo kuamua, mbele jua ishuke, na Mama Michée atajibu mbele ya bote. Amesema kama hana jibu atatoka mu lupango hii na nguo ya mwili tu, na kesho hatafika ku kaburi. Bijana benye bamesimama ku mulango banasema mambo ingine, yenye siandike hapa.

Nikapigia Docteur.

"Exaucée, nilikuomba siku mbili."

"Yeye hana siku mbili, Docteur."

Kisha akasema, "Niko na kuya. Usiseme mbele nifike." Mais yeye anaikala ngambo ingine ya ville, na jua haitamungoja.

Nimeenda kwa Kalenga, nimepiga magoti, nimesema niko wa labo kwenye ile damu ilikuwa inafika, na niko na neno. Aliniangalia kwanza miguu, kisha uso. "Kisha ya hii wimbo," alisema. "Na useme nguvu, bote basikie."

Fils eko inje, anaikala pa pikipiki yake, miwani imepanda ku kichwa. Mara ya kwanza namuona macho.

"Mama Labo, ukisema ile mambo batakupiga."

"Najua."

"Unaweza kusema iko mashini ilikosea."

"Mashini haikukosea, Fils. Mambo yenyewe yote iko pale."

Akapangusa guidon ya pikipiki na mukono yake, hakuna kitu ya kupangusa. "Sawa. Nitaacha moteur inawaka."

Nilikuwa nawaza nitaanza na tusashi, na basoda, namna ninabafasiriaka. Hapana. Nitaanza na mustari nyekundu. Nitasema: huyu mama alileta damu muzuri kupita bote, damu yake ilisema kweli, na mi nilifuta. Kisha bafanye kitu banataka.

Wimbo iko na bipande ine, beko ku ya tatu. Mama Michée amepandisha macho na ananiangalia. Nazani anafikiri nakuya kumusaidia kulia. Yaya, naweka telefone mu mufuko sasa. Kitu atanijibu, yeye na bote, nitakuandikia kesho asubui, hata ikiwa mubaya. Banaimba ya ine.